Magamba: Habari za Chuo na Mkuu Wake wa Kwanza

Katika Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy na ambacho kilichapishwa tena mwaka wa 1962, habari za ufalme wa Usambara zaanza na meno ya mtoto. Mbega, mzaliwa wa Ngulu, aliota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kigego alihesabiwa kuwa msiba wa ukoo mzima. Wazazi wake hawakumtupa kama desturi ilivyotaka. Lakini walipokufa, jamaa zake walimnyima urithi kwa sababu ya meno hayo. Ndipo Mbega alipotoka na mbwa wake na mikuki yake, akapanda milima, na mwisho watu wa Vuga wakampa nchi.

Wanahistoria wamebishana ni kiasi gani cha habari hizi ni tukio na kiasi gani ni hadithi yenye kueleza mpango wa utawala. Steven Feierman, katika kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa kilichotoka mwaka wa 1974, aliielekea upande wa pili. Hapa yatosha kukumbuka ya kwamba Wasambaa, walipotaka kueleza asili ya wafalme wao, walimchagua mtu aliyekataliwa kwao kwa sababu ya mwili wake. Tena walilihifadhi jina la kukataliwa kwake, nalo ni jina la ngeli ya ki-, pamoja na kipofu, kiziwi, kiwete na kilema. Jambo hili la ngeli litarudiwa mbele.

Katika milima hiyo hiyo, mahali paitwapo Magamba, juu ya mji wa Lushoto, kulifunguliwa mwaka wa 2007 chuo kikuu kishiriki ambacho kazi yake ya kwanza ilikuwa kufundisha walimu wa watoto wasioona, wasiosikia, na wenye ulemavu wa akili. Mkuu wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Mchungaji Dakta Anneth Munga. Habari za kazi yake haziwezi kuelezwa kama habari za mtu mmoja tu, kwa kuwa neno la usawa katika elimu ya juu lilikuwa limekwisha kusemwa na wengi kabla yake. Lililokuwa jipya Magamba ni mahali neno hilo lilipowekwa: halikuwekwa katika hotuba ya mahafali, bali katika orodha ya masomo.

Anayekwenda Lushoto huiacha barabara kuu ya Tanga na Moshi pale Mombo, akapanda kilometa 33 za kona kwa kona kando ya bonde. Kwa njia ya namna hiyo hapana mtu afikaye bila kukusudia, na wamisionari wa Kijerumani waliopanda milima hii walikusudia. Mwaka wa 1891 Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifungua kituo cha Mlalo. Vuga ilifuata mwaka wa 1895. Wataalamu wa lugha wawakumbuka watu wa misheni hii kwa sababu nyingine. Karl Roehl, aliyetoa sarufi ya Kisambaa mwaka wa 1911 na baadaye tafsiri ya Biblia kwa Kiswahili iliyotoka mwaka wa 1937, alijifunza lugha za Kibantu katika milima hii.

Lakini misheni hii ilikuwa na jambo lake la pekee. Iliambatana na Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, mahali palipoanzishwa mwaka wa 1867 pa kuwatunza wenye kifafa, na palipokuzwa na Friedrich von Bodelschwingh mpaka pakawa kama mji mzima wa wagonjwa na watumishi wao. Watu waliozoea kuishi na wenye kifafa hawakuona ajabu kuishi na wengine ambao jamii imewasukuma kando. Mwaka wa 1896 palifunguliwa Lutindi, katika ukingo wa kusini wa milima, makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao walipokua na biashara ya watumwa ilipokoma, nyumba zilibaki. Mwaka wa 1904 Lutindi ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, ikawa miongoni mwa hospitali za kwanza za namna hiyo katika Afrika ya Mashariki. Matibabu yake tangu zamani yalichanganya dawa na kazi za shamba na za mikono, kwa imani ya kwamba mtu apewaye jembe amehesabiwa tena kuwa mtu.

Si haki kuisifu kazi hiyo bila kiasi. Makao ya namna ya Lutindi yalimhifadhi mgonjwa, lakini pia yalimwondoa machoni pa watu wa kwao. Na utawala wa Kijerumani, kama ule wa Kiingereza uliofuata, haukuona vibaya mwenye wazimu awekwe mbali juu ya mlima. Hata hivyo mazoea yalikuwa yamepandwa. Baada ya Uhuru, Kanisa la Kilutheri katika milima hii lilifungua shule ya wasioona Irente, mwendo mfupi kutoka Lushoto, mwaka wa 1963. Mwaka huo huo Wakatoliki walifungua shule ya viziwi Tabora; na Waanglikana walikuwa wametangulia huko Buigiri, katika Ugogo, mwaka wa 1950. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 2005, ikaongezwa Irente shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji.

Basi ilipofika miaka ya 2000, Usambara haikukosa nyumba za kuwapokea watoto hawa. Iliyokosekana ni ngazi ya kupandia kutoka nyumba hizo hadi pale mambo ya elimu yanapokatwa shauri.

Upande wa pili wa habari hizi ni chuo kikuu chenyewe, yaani jinsi mlango wa elimu ya juu ulivyofunguliwa Tanzania, na kwa nani. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1961, chuo cha Dar es Salaam kilipoanza katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake wa sheria walikuwa 14. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Mwaka wa 1974 Azimio la Musoma liliagiza ya kwamba anayetaka kuingia chuo kikuu afanye kazi kwanza na apate sifa za tabia kutoka kazini. Azimio lilikusudia usawa, maana lilitaka mlango usiwe wa watoto waliotoka moja kwa moja darasani tu. Lakini wanawake walipungua, kwa kuwa miaka ile ya kazi ndiyo pia miaka ya kuolewa na kuzaa, na baada ya muda mfupi sharti hilo likalegezwa kwao. Hilo lilikuwa funzo la mapema, tena la gharama: sharti lililo sawa kwa wote halizai usawa kwa wote.

Wanafunzi wasioona walianza kupokewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 1978. Walikuwa wachache sana, na kila mmoja wao alikuwa amekwisha kushinda vita vingi kabla ya kufika. Mtoto asiyeona alihitaji kwanza mzazi asiyemficha, kisha shule yenye mwalimu anayejua nukta nundu, kisha sekondari yenye vitabu vya nukta nundu, kisha baraza la mitihani lililokumbuka kumpelekea karatasi anayoweza kuisoma. Palipokatika uzi mahali popote katika safari hiyo, chuo kikuu hakikupata habari zake kamwe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2008 ulihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 7.8 ya wenye umri wa miaka saba na zaidi. Sensa ya mwaka wa 2012 ilipata asilimia 9.3. Mtu akisimama katika ua wa chuo kikuu chochote nchini katika miaka hiyo na kutazama waliopita, aliona kwa macho ya kwamba hesabu hiyo haikufika pale.

Wakuu wengi wa vyuo, walipoulizwa juu ya jambo hili, walijibu kuwa wao huchukua waliofaulu, na kwamba waliofaulu ndio hao. Jibu hilo ni la kweli. Ni la kweli kama lile la mvuvi asemaye kuwa baharini hamna samaki wadogo kwa sababu wavu wake haujawahi kuwaleta.

Sasa kuhusu chuo chenyewe. Askofu Sebastian Kolowa alikuwa kiongozi wa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na alikuwa Mkuu wa Kanisa hilo zima hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina lake lilihusishwa sana na utetezi wa wanyonge, na dayosisi yake ndiyo iliyozitunza Irente na Lutindi. Dayosisi hiyo, ikiwa chini ya Askofu Stephen Munga, ilipoamua kuanzisha chuo, ilikiita kwa jina lake: Chuo Kikuu Kishiriki cha Sebastian Kolowa, kwa kifupi SEKUCo, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini ambacho ni cha Kanisa hilo hilo. Wakati ulikuwa mzuri. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2005 ilikuwa imeweka Tume ya kuvisimamia, na Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka huo ilikuwa ikiwakopesha hata wanafunzi wa vyuo visivyo vya Serikali. Bila mikopo hiyo, mtoto wa mkulima wa Mtae au wa Bumbuli asingeweza kusoma Magamba, na chuo kisingeweza kulipa mishahara.

Anneth Munga alikuwa mchungaji na mwanateolojia. Shahada yake ya udaktari aliipata katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, mwaka wa 1998, kwa utafiti juu ya mahubiri ya Uamsho katika Kanisa la Kilutheri Tanzania; nacho kitabu chake kilichukua neno hilo la Kiswahili, Uamsho, kuwa jina lake, ingawa kiliandikwa kwa Kiingereza. Huenda msomaji akauliza, Uamsho una uhusiano gani na kuendesha chuo? Mwamko huo ulioenea kutoka Rwanda na Uganda tangu miaka ya 1930 ulikuwa na desturi moja iliyowasumbua wakubwa wa makanisa: yeyote aliweza kusimama na kutoa ushuhuda, awe mchungaji au mpishi wa mchungaji, mwanamume au mwanamke. Aliyetumia miaka kadha kuchunguza maneno ya watu wasio na cheo, akiyapima kwa uzito ule ule wapimwao wenye cheo, hakukosa maandalizi ya kazi iliyomngoja Magamba.

Cheo chenyewe kilikuwa na uzito wake. Kanisa la Kilutheri Tanzania lilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990 tu, na si dayosisi zote zilizokubali kwa wakati mmoja. Haikupita miaka ishirini, mchungaji mwanamke akawekwa juu ya chuo kikuu cha Kanisa. Katika elimu ya juu ya nchi wanawake wa namna hiyo walihesabika. Penina Mlama, ambaye wasomaji wa tamthilia wamjua zaidi kwa jina la Penina Muhando, alikuwa amepanda hadi uongozi wa taaluma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Esther Mwaikambo, daktari wa watoto, aliongoza Chuo Kikuu cha Hubert Kairuki. Mwaka wa 2012 SEKUCo ilipokuwa chuo kikuu kamili, SEKOMU, mkuu wake naye alibadilishiwa jina: aliyekuwa Mkuu wa Chuo akawa Makamu Mkuu wa Chuo. Mgeni wa mambo haya angedhani ameshushwa. Kiswahili cha vyuo vikuu kimeurithi utaratibu wa Waingereza, ambamo Mkuu huja siku ya mahafali na Makamu hubaki na madeni mwaka mzima.

Uamuzi mkubwa wa chuo ulikuwa ule wa kwanza, yaani kuanza na shahada ya ualimu katika elimu maalumu. Chuo binafsi kinapoanza, busara ya fedha hukiambia kifundishe biashara, kwa maana biashara haitaki maabara wala mashine za nukta nundu, na wanafunzi wake ni wengi. Magamba haikuifuata busara hiyo. Ili thamani ya uamuzi huu ionekane, yafaa kueleza jinsi kazi ya ualimu ilivyopangwa. Mafunzo ya elimu maalumu yalikuwa yamekwisha kutolewa kwa muda mrefu, hasa katika Chuo cha Ualimu cha Patandi, karibu na Arusha, lakini kwa ngazi ya cheti na ya stashahada. Mwenye cheti hufundisha shule ya msingi. Mwenye shahada hufundisha sekondari na vyuo vya ualimu, na ndiye mwenye njia iliyo wazi zaidi ya kuelekea ofisi za wilaya na za wizara, zinakotengenezwa mihutasari ya masomo na kugawiwa fedha. Maadamu elimu ya watoto hawa haikuwa na shahada yake, wenye kuijua walibaki darasani, na walioagiza mambo yake hawakuijua. Hilo halikuwa kosa la mtu. Lilikuwa kosa la ngazi. SEKUCo ilikuwa miongoni mwa vyuo vya kwanza nchini kuisahihisha ngazi hiyo.

Kwa wale waliodai kuwa usawa ni jambo la mlangoni tu, hapa palikuwa na jibu la namna nyingine. Chuo kimoja cha milimani, hata kikiwapokea wote wenye ulemavu walioomba, kingewapokea makumi. Lakini kila mwalimu aliyetoka Magamba alikwenda kukutana na watoto ambao hawajafika hata darasa la saba.

Pingamizi lipo, nalo ni zito. Tangu tamko la Salamanca la mwaka wa 1994, wataalamu wengi wa elimu wamehubiri elimu jumuishi: mtoto mwenye ulemavu asome darasa moja na wenzake, karibu na kwao, asipelekwe bweni la mbali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka wa 2009, ulisema hivyo katika kifungu chake cha 24, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2010 ikafuata. Je, kufundisha walimu maalumu si kuendeleza utengano wa Irente na Lutindi kwa jina la kisasa? Walioitetea njia ya Magamba wangeweza kujibu kwa kuonyesha darasa la kawaida la shule ya msingi: watoto themanini, mwalimu mmoja, na katika kona mtoto kiziwi anayetazama midomo ya watu. Mtoto huyo amehesabiwa katika takwimu za ujumuishi; elimu hajaipata. Hoja hii ina nguvu, lakini haimalizi ubishi, kwa kuwa nchi ikiwa na walimu maalumu, ni rahisi walimu wengine wote wakasema, huyo si wangu. Pengine jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba ubishi huu mara nyingi umefanywa na watu wanaosikia na kuona, kwa lugha ambayo watoto wenyewe hawakufundishwa.

Hapo ndipo habari za Magamba zinapoingia katika eneo la wachunguzi wa lugha. Mwalimu wa elimu maalumu katika nchi hii hufanya kazi kati ya lugha zisizopungua nne. Mtoto wa Kisambaa huanza na Kisambaa, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Akiwa kiziwi, hazisikii zote tatu. Lugha yake ni Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo shule nyingi za zamani ziliikataza kwa kudhani ya kuwa yazuia mtoto kujifunza kusema. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kiliipigania lugha hiyo tangu miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa kamusi yake. Bado mwanafunzi kiziwi katika mtihani wa kidato cha nne alipimwa kwa Kiingereza, yaani lugha ya nne kwake, iliyofundishwa kwa kutumia lugha ya tatu. Mtu akishangaa kwa nini viziwi ni wachache kuliko wasioona katika vyuo vikuu, asilitafute jibu mbali. Asiyeona huisikia lugha ya mwalimu bure.

Jambo la pili ni la majina. Sera ya Taifa ya mwaka wa 2004 na Sheria ya 2010 zilichagua kusema watu wenye ulemavu, na walimu wa elimu maalumu wamefundishwa kuyaacha maneno ya zamani: asiyeona badala ya kipofu, mwenye ulemavu wa akili badala ya taahira au punguani, mwenye ualbino badala ya zeruzeru. Neno hili la mwisho lilikuwa na haraka kuliko mengine. Chuo kilipokuwa kikifunguliwa, mauaji ya watu wenye ualbino yalikuwa yakienea, hasa katika mikoa ya Ziwa, na haikuwa vigumu kuona uhusiano kati ya jina limfanyalo mtu kuwa kitu na mkono umkatao kama kitu.

Imekuwa kawaida kusema ya kwamba dharau imo katika ngeli yenyewe, kwa kuwa ki- na vi- ni ya vitu. Maelezo hayo ni mepesi mno. Kiongozi ni wa ki-, na kijana, na kinara, wala hapana anayewahurumia. Tena upatanisho wa sentensi humtambua mtu: husemwa kipofu amefika, wala haisemwi kipofu kimefika. Tofauti ya kweli iko katika maana ya shina. Neno kilema hutaja mtu, na pia hutaja dosari yake. Huyu ni kilema, na huyu ana kilema. Jina moja limemeza mtu na hali yake, likawafanya kuwa kitu kimoja. Mlemavu ilimrudisha mtu katika ngeli ya watu, na ulemavu ikaiondoa hali na kuipa jina lake mbali; hatimaye mtu mwenye ulemavu ikaviweka viwili hivyo mbalimbali, kama mtu mwenye shamba au mwenye homa. Kwa sarufi ni hatua ndogo. Lakini viziwi wenyewe hawakuifuata: CHAVITA ni Chama cha Viziwi, na wanachama wake hawaoni aibu, kwa maana wao wajihesabu kuwa watu wa lugha moja kama walivyo Wasambaa au Wabondei. Mwalimu anayewasahihisha kwa upole, akisema waseme wasiosikia, anawatoa katika kabila lao na kuwarudisha katika upungufu.

Masomo yaliyoongezwa Magamba baadaye yalionyesha ya kwamba mpango ulikuwa mmoja. Chuo kilianzisha shahada ya afya ya akili na utengemao. Na Lutindi, iliyokuwa imewatunza wagonjwa kwa karne moja na zaidi, haiko mbali. Sheria nayo ilifundishwa. Lushoto ulikwisha kuwa mji wa sheria kwa ajili ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama, lakini katika chuo kilichojaa walimu wa elimu maalumu, sheria ilikuwa na kazi nyingine: haki iliyoandikwa mwaka wa 2010 yahitaji mtu wa kuidai. Utalii na hifadhi ya mazingira ulifundishwa pia, kwa kuwa msitu wa Magamba uko mlangoni, na kwa kuwa chuo kilihitaji ada.

Kuhusu dini, yapasa kusema neno, kwa sababu usawa wa chuo cha Kanisa hupimwa kwanza hapo. Wasambaa wengi ni Waislamu. Chuo cha Kilutheri katika nchi yao kingeweza kuwa ngome, kama shule nyingi za misheni zilivyokuwa zamani, mtoto wa Kiislamu alipolazimika kuchagua kati ya jina lake na daftari lake. Kwa utaratibu wa mikopo na wa udahili uliosimamiwa na Tume, wanafunzi walikuja kutoka nchi nzima na kwa dini zote. Kanuni za Serikali zilisaidia hapa, na haifai kulipa Kanisa sifa isiyo yake. Lakini zipo taasisi zinazozitii kanuni na mgeni bado akajiona mgeni.

Kazi ya kila siku ya mkuu wa chuo cha namna hii haina fahari. Nchi ya Lushoto ni mteremko, na majengo ya mteremko hujengwa kwa ngazi. Kwa mwanafunzi mwenye kiti cha magurudumu, kila ngazi ni barua ya kumkatalia. Na kuigeuza ngazi kuwa njia ya kusukumia kiti hutaka saruji, na saruji hupandishwa kutoka Mombo. Karatasi ya nukta nundu ni nzito na ghali. Mkalimani wa Lugha ya Alama hawezi kufanya kazi saa sita mfululizo kama mhadhiri afikiriavyo. Yahitajika wawili, wapokezane. Kila moja ya mambo haya huja katika kikao cha fedha ikiwa safu moja ya matumizi, ikishindana na mshahara wa mlinzi na ankara ya umeme, na hapo ndipo mkuu hukubali au hukataa. Katika hotuba za vyuo vikuu neno ujumuishi husikika sana. Katika vitabu vya hesabu halionekani mara nyingi.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwa vyuo binafsi vyote. Baada ya mwaka wa 2015 ajira ya walimu wa Serikali ilipungua, mikopo ilielekezwa zaidi kwa masomo yaliyopewa kipaumbele, usimamizi wa Tume ulikazwa, na vyuo vidogo vilivyotegemea ada vikapungukiwa na wanafunzi. Chuo cha ualimu juu ya mlima kiliumia kwa pande zote mbili: mwanafunzi aliogopa kusomea kazi isiyoajiri, na msomi aliyetoka Dar es Salaam hakupenda kukaa mbali. Hapo ndipo udhaifu wa mpango ulipoonekana. Nchi ilikuwa imeliacha jambo la haki, lililoandikwa katika sheria yake, libebwe kwa sehemu kubwa na dayosisi moja na karo za wanafunzi. Vyuo vya Serikali navyo vilifungua masomo ya elimu maalumu, Dodoma ikiwa miongoni mwao, na mzigo ukagawanyika kidogo.

Walimu waliosoma Magamba walikwenda walikopangwa. Shule nyingi za msingi nchini zina kile kiitwacho kitengo: chumba kimoja au viwili katika ua wa shule ya kawaida, chenye watoto wasiosikia au wenye ulemavu wa akili, wa umri mbalimbali pamoja. Mwalimu wa kitengo hugawana ofisi na wenzake wa madarasa mengine, na saa ya mapumziko watoto wake hucheza mpira katika uwanja ule ule. Katika vitengo vya viziwi hutokea mara kwa mara jambo ambalo hakuna mhutasari uliolipanga: watoto wanaosikia hujifunza alama uwanjani, upesi kuliko walimu wao, na hurudi nazo nyumbani jioni.